Namba Saba Ameingia

Jumamosi hiyo nilikuwa kwa dada yangu, nimejinyoosha kwenye kochi lake na rundo la mitihani, nasahihisha huku nikisikia mashine ya kufulia ikinguruma kule nyuma. Dada alikuwa jikoni anakaanga vitunguu. Watoto wake walikuwa wanagombania rimoti. Siku ya kawaida kabisa, ya watu wanaopumua na kupiga kelele.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya: mimi nafundisha takwimu chuoni, na mtu akiniletea habari za mizimu huwa namwuliza ameihesabu mara ngapi. Haya ya mume wa dada yangu nayaandika kwa sababu nilikuwapo. Maelezo sina. Mwenye nayo asinitafute.

Shemeji aliingia na bahasha ya kaki kwapani. Ni msimamizi wa karakana inayochonga vipuri vya pampu, mtu mwenye mikono kama sepetu na sauti ya kushindana na kelele za mashine. Siku hiyo alinong'ona, kana kwamba nyumba si yake.

"Shemeji, una dakika?"

"Ninazo mbili. Ya tatu utanisaidia kusahihisha."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipokaa vizuri.

Lazima nieleze kidogo. Pale karakana kuna mashine moja ya CNC, yaani ile inayokata chuma yenyewe kwa kufuata namba ulizoiandikia. Ni sanduku kubwa kama bafu, lenye mlango wa kioo. Ndani kuna jiriwa la kubana kipande, na juu yake kuna kichwa chenye kisu kinachozunguka. Mafundi wanaiita Bibi Harusi, kwa sababu ilifika imefungwa nailoni nyeupe na kila mtu akaambiwa asiiguse.

Mlango wake una ulinzi: ukifunguka, kisu kinasimama. Lakini kusimama na kuanza upya kunakula muda, na kwenye karakana ile walikuwa na desturi yao. Siku kazi zikizidi, msimamizi anaingia kwenye kompyuta ya mashine, anazima ule ulinzi, kisha anachora msalaba wa chaki juu ya mpini wa mlango. Ukiona chaki, unajua leo mlango hausimamishi kitu, tia mkono kwa akili. Hapakuwa na karatasi iliyoandikwa hivyo. Palikuwa na chaki tu, na kila mtu alijua.

Miezi mitano kabla ya Jumamosi hiyo, fundi mmoja mtu mzima alifungua mlango ule saa nne na dakika kumi asubuhi, wenzake wakiwa kwenye chai, akaingiza mkono kuondoa nyuzi za chuma. Walimwita Mzee Nukta, kwa sababu alikuwa akipima kipande mara tatu na kusema, "Bado nukta." Kisu hakikusimama. Sitaeleza zaidi. Hawakuwahi kumfikisha hospitali.

Ripoti ilisema ulinzi aliuzima yeye mwenyewe. Ilikuwa rahisi kuaminika, maana wakati ule kila fundi alikuwa na namba yake ya kuingilia kwenye kompyuta, na nywila za wote zilikuwa moja mbili tatu nne. Nukta alikuwa namba saba. Shemeji, namba mbili.

Ripoti hiyo naijua vizuri. Shemeji aliniletea kurasa mbili za maelezo yake, akaniomba ninyooshe Kiswahili. Nilinyoosha. Sentensi isemayo "ajali ilisababishwa na uzembe wa marehemu mwenyewe, aliyezima ulinzi wa mlango bila idhini" ni yangu, na nilivyoimaliza niliona imekaa vizuri. Nilimwuliza, "Una hakika lakini?" Akaziangalia soksi zake. Nikaendelea na ukurasa wa pili.

Baada ya mazishi, shemeji akageuka mtume wa usalama. Alifuta namba za mafundi wote, akabaki na yake tu. Vitufe vya mashine akavifunika kwa bati, bati akalitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Mwendeshaji aliachiwa kidirisha cha kuona skrini na matundu mawili: kitufe cha kijani cha kuanzia, na chekundu cha dharura. Wakubwa walimpigia makofi. Mimi nilidhani ni majonzi.

Na mwendeshaji mwenyewe ni nani? Binti wa Mzee Nukta. Fundi kamili, mwenye cheti, alihamishwa kutoka karakana nyingine kushika nafasi ya baba yake. Kila siku anafungua mlango ule na kuingiza mkono mara sitini.

"Soma," shemeji alisema, akatoa karatasi kwenye bahasha.

Ilikuwa ni kumbukumbu aliyoichapisha kutoka kwenye mashine. Mistari kumi na tisa, mmoja kwa kila siku ya kazi. Yote inafanana.

*Saa 4:10. Namba 7 ameingia. Nafasi ya kusubiri: kutoka 400 kwenda 380.*

Kesho yake, kutoka 380 kwenda 360. Kesho yake tena, 340.

"Nafasi ya kusubiri ndiyo nini?"

"Pale kichwa kinaporudi kusimama kazi ikiisha. Kinatakiwa kiwe nyuma kabisa, milimita mia nne kutoka mlangoni, ili mtu atie mkono salama."

"Sasa kuna mtu anakusogezea milimita ishirini kila siku wakati wa chai. Mtu anayeijua nywila. Hilo si jini, shemeji, hilo ni utovu wa adabu."

"Namba saba niliifuta kwa mkono wangu."

"Ufunguo?"

Aliutoa ndani ya shati. Uzi wake ulikuwa umemchora mstari mwekundu shingoni.

Nilichukua kalamu nyekundu ya mitihani, nikachora vile vipimo nyuma ya bahasha. Mstari ulinyooka kama umepigwa rula. Nimefundisha miaka kumi na miwili na sijawahi kuona data ya namna hiyo. Mtu huchelewa dakika moja. Mtu huumwa siku moja, akakosea kidogo, akarudi akasahihisha. Huu mstari haukuwa na kosa hata moja.

Niliufuata kwa kalamu hadi ulipokata mhimili.

"Jumatatu," nilisema. "Jumatatu inafika sifuri. Sifuri ni wapi?"

"Mlangoni. Hapo anapotia mkono."

"Kisu si kinakuwa kimesimama?"

"Binti aliniambia juzi kwamba akifungua mlango kinakuwa bado kinazunguka. Polepole, kama feni iliyozimwa. Nimemwambia ni macho yake."

"Waite waliowauzia hiyo mashine waje waikague! Hata leo!"

"Wakija wataisoma kumbukumbu yote," alisema. "Na ile ya siku hiyo pia."

Mashine ya kufulia ilisimama.

"Saa moja na dakika arobaini asubuhi," alisema. "Namba mbili. Mlango niliuzima mimi, shemeji. Kazi zilikuwa zimebana. Chaki ilikuwa mfukoni, nikaitwa kwenye simu, nikasahau kuchora." Akafuta uso kwa kiganja. "Mzee alipita kwenye mpini ule hauna kitu."

Kutoka jikoni dada akapiga kelele: "Mnanong'ona nini huko, mnanitafutia mke mwenza?"

"Kwa mshahara upi?" nilimjibu. Sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa. Kisha nikamgeukia shemeji na kusema maneno ambayo bado yananikereketa: "Tuangalie kwanza Jumatatu. Data ya siku moja zaidi."

Ndivyo wasomi tunavyoogopa. Tunaomba data zaidi.

Jumatatu nilifika karakanani saa tatu na nusu, nimevaa koti la kuazima. Shemeji aliwaambia mafundi mimi ni mkaguzi wa ubora. Hakuna aliyeuliza, mwanamke mwenye miwani na karatasi huaminiwa popote.

Binti alikuwa kazini. Ni mwembamba, amefunga kitambaa kichwani, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Alikuwa anafungua mlango, anatoa kipande, anatia kingine, anafunga, anabonyeza kijani. Haraka, bila kuangalia vidole vyake.

"Shikamoo, Anti," alinisalimu. "Ni wewe unayekagua? Basi mwambie msimamizi kichwa cha Bibi Harusi kinanikaribia. Kila siku namwambia, ananiambia nipumzishe macho."

"Marahaba," nilisema. Hilo tu ndilo nililoweza.

"Ningerekebisha mwenyewe kwa dakika moja. Lakini ndiyo hivyo, amevifungia vitufe kama nyama ya mgonjwa." Alicheka. Akafungua mlango. Nilikiona kichwa: kimesimama kiganja kimoja tu juu ya mkono wake. Kisu kilikuwa kinazunguka. Polepole. Kama feni iliyozimwa.

Macho yake yalikuwa mazima.

Kengele ya chai ililia saa nne. Aliweka kipande kipya cha alumini, akafunga mlango, akabonyeza kijani kiendelee kukatwa, akaondoka na wenzake wakibishana kuhusu nani alikunywa kikombe cha nani. Karakana ikabaki yetu. Jua lilikuwa linaingia kwenye madirisha ya juu. Ulikuwa mwanga wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano.

Saa nne na dakika tano kazi iliisha na mashine ikatulia.

Saa nne na dakika nane.

Tisa.

Chini ya bati, kitufe kilibonyea.

Tik.

Nilimtazama shemeji. Mikono yake ilikuwa mfukoni. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Tik. Tik. Tik.

Kwenye kidirisha, nyota nne ziliwaka moja baada ya nyingine, kama zinavyowaka mtu anapoandika nywila. Kisha maandishi: *Namba 7 ameingia.*

"Fungua bati," nilinong'ona.

Alishindwa mara mbili kulitia ufunguo. Bati lilipoinuka, tuliviona vitufe. Vilikuwa vinashuka vyenyewe. Kila kimoja kilikawia chini kidogo kabla ya kupanda, kama kinavyokawia chini ya kidole kizito cha mtu asiye na haraka.

*Nafasi ya kusubiri: kutoka 20 kwenda 0.*

Kichwa kikasogea. Hakikupiga kelele. Kilikuja mpaka kwenye kioo, kikasimama pale, na kisu kikaanza kuzunguka. Kilizunguka kasi zaidi. Na zaidi.

Shemeji akabonyeza namba mbili, akaandika nywila yake. Skrini ilimjibu: *Huna ruhusa.*

Akaandika tena. *Huna ruhusa.*

Akapiga kitufe chekundu kwa ngumi. Kisu hakikujali. Akakimbilia ukutani, akashusha swichi kuu ya umeme. Feni za mashine zilizima, taa yake ilizima. Skrini haikuzima. Kisu hakikuzima.

Kengele ililia. Chai imekwisha.

Binti alikuwa wa kwanza kurudi, anafuta midomo kwa mgongo wa mkono. Alitembea moja kwa moja kwenye mlango. Na hapo, alipokuwa anakaribia, nilikiona kitu ambacho mpaka leo sikipendi: kisu kikapunguza kasi. Kikatulia kabisa, mpaka kikaonekana kimesimama. Kilikuwa kinamngojea.

"Usifungue," shemeji alisema.

"Kwa nini?"

"Ina hitilafu."

"Hitilafu gani? Imemaliza kazi, hii hapa." Alishika mpini. "Niwaite waliotuuzia?"

Shemeji aliukazia macho mpini. Nyumbani ana watoto watatu na dada yangu. Nilijua anawahesabu. Mimi nami nilikuwa na mdomo, na ulikuwa umefungwa.

Mpini ukashuka.

"Msimamizi, kuna nini?" binti aliuliza.

Mlango ukaachia ufa wa vidole viwili. Ndani kisu kilianza tena. Polepole.

"Ni mimi," shemeji alisema.

Binti akasimama.

"Siku ile. Mlango niliuzima mimi. Namba mbili, ipo kwenye kumbukumbu. Chaki sikuchora. Nilisahau." Mafundi walikuwa wanaingia, walisimama kila mmoja alipokuwa. "Baba yako hakujua. Hakufanya uzembe wowote. Nilimsingizia."

Binti hakuutoa mkono kwenye mpini, wala hakuusukuma. Alikuwa anamtazama shemeji kama mtu anayesoma kipimo kwa mara ya tatu.

Kisha mlango ukafungwa. Hakuufunga yeye, mpini ulipanda chini ya kiganja chake, taratibu, na kusukuma vidole vyake nje.

Mashine ikaanza kazi.

Umeme ulikuwa umezimwa ukutani. Wote tuliiona swichi. Maji meupe ya kupozea yalipiga kioo kwa ndani mpaka hatukuona kitu. Tulisikia kisu kikila alumini. Hakikuwa na sauti yake ya siku zote. Kilikuwa na sauti ndogo, ya uangalifu, kinakata na kusimama, kinakata na kusimama. Kama kinapima.

Dakika sita. Kisha kimya.

Mlango ulifunguka wenyewe. Kichwa kilikuwa nyuma kabisa, milimita mia nne, mahali pake. Katika jiriwa kile kipande cha alumini kilikuwa kimechongwa shimo lenye umbo la kiganja cha mkono wa kulia. Vidole vitano. Mikunjo ya maungio. Kucha. Mistari ile midogo ya ngozi, ambayo kisu cha upana wa penseli hakiwezi kuichonga hata ukikipa mwaka mzima.

Mtunza stoo, ambaye ni mtu wa mizaha, alijaribu kucheka. "Labda ni sahani ya sabuni." Akatia mkono wake. Haukuingia. Akajaribu mwingine, na mwingine, kama watu wanaojaribu kiatu cha mtumba. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Binti akatia wake: ulielea ndani yake, haukugusa popote.

Shemeji alisogea bila kuitwa. Akaweka mkono wake, ule wa sepetu. Ukashuka mpaka kwenye kucha. Hata kovu la utotoni kwenye kidole gumba lilikuwa na nafasi yake.

Hakupiga ukelele. Alilia tu, amesimama, mkono ungali mle ndani.

Yaliyofuata ni ya karatasi. Waliouza mashine walikuja, wakasoma kumbukumbu, wakamkuta namba mbili pale aliposema. Namba saba hawakumkuta popote, hata kwenye ile mistari kumi na tisa. Walituambia mistari hiyo haina jina. Shemeji alifukuzwa kazi, na kesi yake inaendelea. Dada haongei nami vizuri, anaona ningeweza kumshauri mumewe anyamaze. Maelezo yake mapya shemeji aliyaandika kwa mkono wake. Aliniomba niyanyooshe Kiswahili. Nilimwambia yaende hivyo hivyo, na makosa yake.

Bati lilitupwa. Ufunguo wa vitufe anao binti, na ameandika kwa rangi ukutani nani anaruhusiwa kubadilisha nini, na kwamba ulinzi wa mlango hauzimwi na yeyote, awe nani.

Mwezi uliopita alikuja ofisini kwangu chuoni. Sikumtarajia, ingawa baada ya siku ile karakana nzima ilishajua mimi ni nani. Alikaa upande wa wanafunzi, akatoa kile kipande kwenye mfuko wa nguo, akakiweka juu ya mitihani yangu.

"Anti, niliisoma ripoti ile ya kwanza," alisema. "Msimamizi haandiki hivyo. Nilimsikia akizungumza kila siku. Hajui kusema 'bila idhini'."

Nilianza kueleza. Kwamba mimi nilirekebisha lugha tu. Kwamba sikuwapo. Sauti yangu ilikuwa nzuri, ya mhadhara.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu.

"Hebu jaribu mkono," alisema.

Nilicheka. Mkono wangu ni mdogo. Pete nanunua za watoto. Ule wa shemeji ni mara mbili yake, na ule nilikuwa nimeuona kwa macho yangu ukijaa ndani ya shimo lile bila kubakiza nafasi ya unywele. Hakuna hesabu ya dunia hii inayoruhusu mikono miwili hiyo itoshe mahali pamoja.

Niliutia ili tumalize mazungumzo.

Uliingia. Kila kidole kikapata mahali pake. Nilihisi kucha zangu zikigusa kucha za chuma. Nilihisi pete yangu ikiketi kwenye mfereji wake.

Kipande kilikuwa kimekaa kwenye mfuko tangu asubuhi, ofisi yangu ina baridi. Lakini chuma kilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.